Siku Niliyofanyia Mtihani Msibani

Mpango wangu ulikuwa na kurasa kumi na moja, na kifo hakikuandikwa hata kwenye moja.

Nauita mpango kwa sababu ndivyo nilivyouita wakati ule, tena kwa majivuno. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, ule unaofanywa kwa kompyuta, na nilikuwa nimeshaufeli mara mbili. Sheria yao inakupa nafasi tatu. Ukizimaliza, unakaa pembeni mpaka mwaka mwingine. Ofisini kwetu, kwenye kampuni ya kuchimba visima na kutandaza mabomba, bosi alishatamka kwamba kiti cha meneja wa miradi atakikalia mwenye cheti. Tuliokitaka tulikuwa wawili. Mwenzangu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma michoro ya mabomba, na cheti chake kilikuwa kimeshafika, amekitundika ukutani mkabala kabisa na macho yangu. Mie sina moyo wa kuvumilia vitu kama hivyo. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Mara mbili za kwanza nilifanyia kwenye kituo mjini. Ya tatu nikaamua kufanyia nyumbani, Chamazi, maana siku hizi wanaruhusu: unakaa mbele ya kompyuta yako, na msimamizi usiyemwona, aliyeko nchi usiyoijua, anakutazama kwa kamera. Masharti yake yalinipendeza, kwa kuwa mimi ni mtu wa masharti. Chumba kiwe kitupu. Ukutani kusiwe na kitu. Mtu asiingie. Usizungumze. Usiondoke mbele ya kamera. Simu izimwe na iwekwe mbali. Ukivunja sharti moja, mtihani unafungwa na umefeli.

Chumba pekee chenye mtandao wa kueleweka nyumbani kwetu ni sebule. Kwa hiyo sebule ilibidi ihame.

Kabla sijafika huko, nimtaje mama mkwe. Alikuja kutoka Songea kutibiwa presha kwa wiki mbili, na huu ni mwaka wa nne. Sisemi kwa ubaya. Miezi yote ya maandalizi alizima redio yake ya kwaya kila nilipofungua kitabu, na jioni alinishikia kadi zangu za maswali, zilizoandikwa Kiingereza ambacho hakijui hata neno. Aliitazama kadi, akanitazama mimi nikijibu, kisha akatoa hukumu: "Hiyo umekosea, macho yako yameruka." Nikigeuza kadi nakuta kweli nimekosea.

Lakini mama huyohuyo hupiga chafya ikasikika nyumba ya tatu, na hawezi kumaliza nusu saa bila kumwita mtu amletee kitu. Kwenye orodha yangu ya hatari alikuwa wa nne, baada ya umeme, mtandao na jogoo. Nikapanga siku ya mtihani apelekwe kwa shemeji yangu, Buguruni. Jogoo alichinjwa siku mbili kabla, maana sikuona sababu ya kumsafirisha.

Wakabaki majirani. Kitabu kinasisitiza kwamba kila anayeguswa na mradi apewe taarifa, nami niliwapa, ila nusu. Aliyefeli mara mbili hatangazi ya tatu. Midomo ya watu mizito. Nikapita nyumba kwa nyumba na kusema, "Jamani, kesho asubuhi nina jambo langu zito, naombeni utulivu." Jirani mwenye spika za singeli akauliza jambo gani. Nikamjibu, "We niombee tu, kaka yangu." Uso ukamshuka, akaingia ndani kuzima spika bila kuniambia kwaheri. Nikarudi nyumbani nikaweka alama kwenye mpango: majirani, imekamilika.

Siku yenyewe, alfajiri, mume wangu nami tulitoa makochi, kabati, runinga na zulia, tukavipanga nje ukutani. Tukashusha kalenda na picha zote za familia. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa maneno machache, na asubuhi ile alisema moja tu: "Nyumba imekaa kama ya msiba." Nikamwambia asiniletee mkosi, na simu yake aizime sauti.

Saa kumi na mbili akamtoa mama. Kulikuwa na kibaridi na goti lilikuwa linamsumbua, basi alijifunika shuka gubigubi, na mume wangu akamshika huku na huku, nusu anatembea nusu anabebwa, mpaka kwenye bajaji. Ng'ambo ya njia kuna mama anayekaanga vitumbua. Alikuwa ameona makochi yakitoka. Sasa akaona na bibi anatoka. Aliacha mafuta jikoni akasimama, mkono shavuni. Mimi nikambandikia karatasi mlangoni kila mwenye macho: TAFADHALI MSIGONGE.

Saa tatu nikaanza.

Sijawahi kuisikia Chamazi imetulia vile. Hakuna singeli, hakuna mtoto, hata muuza maji alipita bila kugonga dumu lake. Nikajibu maswali kwa raha, nikijisifu moyoni. Kila nilipopewa nafasi ya mapumziko niliikataa, nikiogopa mtandao utakatika nikinyanyuka. Nilikuwa nimevuka swali la mia nilipoanza kusikia vyuma vikigongana nje, halafu kamba zinavutwa, halafu viti vya plastiki vinashushwa kwenye guta. Nikageuza jicho dirishani. Pazia lilikuwa limefungwa, na msimamizi akaniandikia palepale kwenye skrini: macho yako yabaki kwenye mtihani.

Nikabaki na masikio. Swali lililokuwa mbele yangu lilihusu timu isiyo na kiongozi, isiyo na bajeti, isiyo na ratiba; je, meneja aanze na nini? Nje, mtu aliuliza, "Mchele umefika?" Akajibiwa umefika. "Masufuria?" Yako njiani, yanatoka Mbagala. "Wanaume wakae huku, kina mama wapisheni kwenye mikeka." Turubai lilisimama kabla sijamaliza kusoma majibu manne. Nikadhani ni kwa jirani, kuna kitchen party. Nikakasirika sana. Nilipita kila nyumba, na bado wameniwekea shughuli.

Kisha mwanamke akaangua kilio chini ya dirisha langu, wa pili akampokea, na wa tatu.

Msimamizi akaandika: nasikia watu wanalia, uko salama?

Nikaandika: ni majirani.

Akaandika: wanalia kwa nini?

Nilifikiri kidogo, nikaandika: ni desturi.

Akaandika: endelea.

Ndipo nikaisikia sauti ya mama wa vitumbua, karibu kabisa, inawaeleza waliofika nyuma. "Bibi wa hapa. Ametolewa alfajiri hajiwezi, hata shingo haikusimama. Hakufika huko alikopelekwa." Sauti ya mjumbe wetu wa shina ikasema, "Mie nimempigia mume mara nne, hapokei." Mwingine akauliza mkwe yuko wapi. "Yuko ndani. Kajifungia na uchungu wake. Msimgongee, kaandika mwenyewe."

Haikunijia hata kidogo kwamba wamekosea. Watu hawafungi turubai kwa kukisia, nilijiambia. Lazima shemeji amepiga simu kwa mtu, na mume wangu yuko hospitalini anahangaika. Simu yangu ilikuwa jikoni, imezimwa, ndani ya debe la unga. Ningeweza kunyanyuka. Mlango ulikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Pembeni ya skrini kulikuwa na hesabu ya yaliyobaki: maswali thelathini na moja, dakika arobaini.

Nataka niseme kwamba nilitetemeka nisijue la kufanya. Sikutetemeka. Kitabu kimenifundisha kutenganisha hatari na tatizo: hatari ni lile ambalo halijatokea, bado unaweza kulikwepa, likishatokea ni tatizo, na tatizo linapangiwa muda wake. Mama ameshafariki, nikajiambia. Nikitoka sasa nitamkuta amefariki, na nikitoka baada ya dakika arobaini nitamkuta amefariki vilevile. Niliipanga hoja hiyo vizuri kabisa, nikabonyeza swali linalofuata. Nje wakawa wanamtaja kwa mazuri yake, jinsi alivyowakalia wagonjwa wao, alivyomwogesha mtoto wa fulani alipozaliwa, alivyokuwa akiwaomba wamkumbuke mkwe wake kwenye sala ana mtihani mgumu. Kumbe siri yangu aliitoa nusu kwa watu wa sala tu, nje ya mtaa, na mmoja wao alikuwa amekuja kumlilia. Machozi yakanitoka. Nilijifuta kwa bega ili mikono isitoke kwenye kamera.

Nikayajibu yote. Skrini ikazunguka kidogo, ikaniambia nimefaulu.

Kilichonijia kwanza ni furaha. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka kwa mpangilio mwingine, nikashindwa. Furaha ilitangulia, ndipo akafuata mama.

Nilipofungua mlango, kina mama walinidaka kabla sijavuka kizingiti. Mama wa vitumbua akanikumbatia, "Lia, mwanangu. Umejikaza mno." Nikalia kwelikweli, kwa sauti ambayo sijui niliihifadhi wapi. Mjumbe akasubiri nipungue, akaja na heshima zake zote.

"Pole sana, mama. Tunazika hapa au tunasafirisha Songea?"

"Shikamoo, baba. Mie sijui. Mume wangu amesemaje?"

"Marahaba. Mumeo hatujampata. Nyie ndiyo mmepata taarifa saa ngapi?"

"Si nyie mlionipa?"

Mjumbe akamgeukia mama wa vitumbua. Mama wa vitumbua akamtazama jirani wa spika. Jirani wa spika akasema taratibu, "Mimi huyu aliniambia tangu jana, kwamba ana jambo zito."

Hapo ndipo bajaji ilipokata kona. Mume wangu alikuwa amerudi kutafuta simu yake, ambayo tuliikuta baadaye katikati ya mito ya kochi, bubu kwa amri yangu. Na mama alikataa kubaki Buguruni, akisema mtihani utakuwa umeisha na mimi nitakuwa na njaa. Aliliona turubai tokea mbali. Aliona watu wamekaa kwenye mikeka mlangoni kwake, na mimi sikuonekana kwa wingi wa watu walionizunguka. Hakungoja bajaji isimame. Mwanamke yule, ambaye kwenda chooni humwita mtu, alishuka akakimbia. Shuka ilibaki njiani, kandambili moja ikabaki njiani. "Mwanangu," alikuwa anaita, "mmemfanya nini mwanangu?" Akaanguka kwenye kokoto kwa lile goti bovu, akainuka, akakimbia tena.

Baadhi ya waombolezaji wakatawanyika. Jirani wa spika aliruka benchi na masufuria mawili na hakurudi kwa muda mrefu. Mama akanifikia, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa masikio, shingo, mabega, anahakikisha nipo mzima. Kisha akauliza nani amekufa.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena mtaani kwetu. Mjumbe akatangaza kwamba wali ukishaiva haurudi dukani, basi tukapakuliwa, marehemu akapewa sinia la kwanza. Nikatangaza kwamba nimefaulu, wakanipigia vigelegele. Watu walikuwa bado wanahadithiana, kila mmoja anaeleza alivyolia, na mama wa vitumbua, machozi ya kucheka yanamtoka, akasema, "Na sie tulivyopiga kelele pale dirishani! Na huyu yumo ndani kimya."

Mama akaacha kutafuna. "Ulikuwa unasikia?"

"Nilisikia, mama."

"Ukajua ni mimi."

"Nilijua."

"Yalikuwa yamebaki maswali mangapi?"

"Thelathini na moja."

Aliitikia kwa kichwa, akamalizia tonge lake. "Hongera, mwanangu," akasema, na naamini alimaanisha, maana si mtu wa kusema asichokitaka.

Baadaye alitaka kuingia ndani kujinyoosha. Goti lilikuwa limevimba, halikunjiki. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, na mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kumshika. Akamwita mama wa vitumbua, aliyekuwa mwisho wa mkeka upande wa pili, aje amwinue.