Kwa nini Mtoto wa pangoni hafunikwi: Noeli ya bibi yangu Uluguru, zama za Mjerumani

Wakuu, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa wachache walionitangulia umri.

Juzi humu mtu aliandika kwamba pango la Noeli ni pambo tu la Wazungu, halina maana. Alipoulizwa chanzo, akajibu "nasikia". Mimi sina subira na "nasikia".

Kwa hiyo nitenganishe mapema. Nililoliona kwa macho yangu ni jambo moja, nimeliweka mwisho. Mengine niliyapokea kwa bibi mzaa mama, ambaye alikuwepo, na aliyasimulia vilevile mpaka uzee wake.

Ilikuwa kwenye misheni moja juu ya milima ya Uluguru, Mjerumani akitawala. Bibi alikuwa msichana aliyemaliza mafundisho, na asubuhi ya Noeli ndiyo angebatizwa.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wake alikuwa amesema: "Nitakwenda nione kwanza. Nikikuta upuuzi, tunarudi wote."

Wakapanda pamoja. Bibi alisema ukungu ulilala chini yao hata mji wa Morogoro ukawa haupo, weupe mtupu, kana kwamba dunia bado haijaanza.

Kanisani kulinukia majani mabichi. Karibu na altare palikuwa na pango la mawe ya mtoni na makangaga, matone ya maji yakiwa bado yanang'aa. Katikati, juu ya nyasi, kitoto cha mbao kimelala, mikono wazi.

Mjomba akasimama. "Huyu amezaliwa lini?"

"Usiku huu, mjomba."

"Usiku huu! Kitovu hakijadondoka, mmeshamtoa barazani? Mama yake hana ndugu?"

(Vijana wa mjini, mnielewe. Kwa desturi mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake hadi kitovu kidondoke. Mgeni aliyetoka njiani na vumbi lake hamkaribii. Kumwanika hivyo ni kumtakia mabaya.)

Akamshika bibi mkono. "Watu wasiojua kulea ndio wakulee wewe? Twende."

Bibi akauchomoa mkono, akavua kaniki aliyojitanda mabegani, akamfunika yule Mtoto gubigubi. Aliamini ameuokoa ubatizo wake.

Katekista akaja mbio. "We binti! Unamfunika Bwana kama kikapu cha ndizi?"

"Nawe unamwanika kama mihogo!" mjomba akamjibu.

Watu wakaangua kicheko. Padre, Mzungu mtu mzima aliyesema Kiswahili polepole, hakucheka.

"Mzee, umesema kweli," akamwambia mjomba. "Mtoto hufichwa. Mama yake huyu alimvika nguo, lakini hakupata chumba wala mlango wa kufunga. Waliotangulia kumwona ni wachunga kondoo, wametoka porini na vumbi lao. Mungu alitaka iwe hivyo, asiwepo mtu wa kuambiwa: wewe mgeni, ngoja nje."

Mjomba akamtazama Mtoto, kisha akamgeukia padre.

"Hata mimi niliyekuja kuteta?"

"Hata wewe."

Akainama, akaiondoa kaniki kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia bibi begani. "Haya, kajipange na wenzako." Naye akaketi chini, karibu na mlango, mpaka bibi alipomiminiwa maji.

Hilo ndilo funzo nililolishika, wakuu. Pango halina mlango, na anayelijenga akatia mlango amekosea. Kabla hujaliita pambo tu, uliza kwanza limewekwa wazi kwa ajili ya nani.

Wapo wasemao mjomba naye alibatizwa baadaye. Bibi alilikana hilo, nami sina ushahidi.

Mwenye kumbukumbu ya pango la kwao, aliyoiona au kuambiwa na aliyekuwepo, aiweke hapa chini, nitaisoma. Za "nasikia" zina majukwaa yake.

Sasa lile langu. Nilipokuwa mtoto mjomba yule alikuwa angali hai, macho yamekwisha, akitembea kwa fimbo. Asubuhi moja ya Noeli nilimwona akiingia kanisani kabla ya watu. Alipapasa mawe mpaka akamfikia Mtoto, akaweka kiganja juu ya kifua chake, akatulia, kama mtu anayesikiliza iwapo mtoto amelala. Kisha akatoka taratibu, kengele ya misa haijapigwa.