Amana ya Milango Miwili

Gari la shemeji yangu lilifeli kipimo cha moshi kwa sababu mume wangu alilitunza mno. Nalisema hilo mwanzo kwa kuwa ndivyo kazi ya uuguzi ilivyonizoesha. Ukimkabidhi mgonjwa kwa mwenzako wa zamu inayofuata, unaanza na hali aliyo nayo sasa, kisha unarudi nyuma kueleza alifikaje hapo.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu. Alilinunua gari hilo mwishoni mwa miaka ya tisini, likiwa limeshapita mikononi mwa wengine. Lilikuwa gari la spoti jekundu, la Kijapani, viti viwili tu, paa la turubai la kukunja, na taa za mbele zilizochomoza ukibonyeza swichi na kujificha ukizizima. Yeye alikuwa kapera, mpishi wa hoteli, mtu wa kuvaa koti moja misimu mitatu. Sikuwahi kumwona akijiruhusu anasa nyingine yoyote.

Kisha mama mkwe akaanguka bafuni kule Mombasa akavunjika nyonga. Palihitajika mtu wa kumuinua, kumwogesha na kumpeleka hospitali. Mume wangu alikuwa dereva wa basi hapa London, mimi niko wodini, watoto wako shule. Bila kikao wala mabishano shemeji akasema atakwenda yeye. Jioni ya safari aliliegesha gari mbele ya nyumba yetu, Walthamstow, akampa kaka yake ufunguo.

“Kaka, gari nakuachia,” alisema.

Niliona kwamba alitoa ufunguo mmoja tu. Wa pili aliurudisha mfukoni mwa koti.

Kwa mume wangu neno “nakuachia” halikuwa na maana mbili. Baba yao alikuwa mtu wa kuwekewa vitu na watu waliokwenda Hija, na katika nyumba ile amana haikuguswa ila kwa kutunzwa. Mume wangu amewahi kunisimulia baiskeli ya jirani iliyokaa uani mwao msimu mzima. Watoto waliifuta vumbi na kuitia mafuta mnyororo, na hakuna aliyeipanda. Hivyo ndivyo alivyolipokea gari la ndugu yake. Alilinunulia turubai la kulifunika. Alijiongeza kwenye bima, ili likihitaji kusogezwa asivunje sheria. Kisha akaendelea kwenda kazini kwa miguu kukiwa bado giza, akilipita.

Kila Jumapili baada ya chai alitoka na kitambaa. Alilifunua, akaketi ndani, akaliwasha, akaliacha lingurume kama dakika kumi pale pale lilipo. Redio hakuifungua. Akishalizima hulipangusa, hulifunika, akarudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyetoka kumjulia hali mgonjwa.

Baada ya miezi kadhaa likaanza kugoma kuwaka. Mume wangu akanunua chaja ya betri. Kwa kuwa hatukuwa na gereji, aliupitisha waya kwenye tundu la barua mlangoni, akauvusha juu ya njia ya waendao kwa miguu hadi kwenye boneti, na juu ya waya akatandika zulia kuukuu ili mtu asijikwae. Jirani yetu, bibi wa Kiingereza mwenye kigari cha kubebea mboga za sokoni, alisimama mbele ya zulia akaniuliza kama gari linaumwa. Nilimjibu kwamba liko kwenye dripu. Tangu siku hiyo akawa akiniuliza habari zake kabla ya zangu.

Jambo lililonishangaza ni simu. Ndugu hawa waliongea kila wiki, kwa zile kadi za kukwangua zilizouzwa dukani, na hawakulitaja gari hata kwa bahati mbaya. Waliongea dawa za mama, maji yaliyokatika, bei ya samaki, kisha wakaagana.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ukaguzi ambao kila gari nchini humu hufanyiwa, MOT, ukawadia. Bila cheti cha MOT hupati kibali cha kodi ya barabara, na gari lisilo na kibali haliruhusiwi kukaa mtaani. Hufungwa gurudumu, kisha huzolewa na lori. Sisi hatukuwa na pahali pengine pa kuliweka. Mume wangu alilipeleka mapema, nami nikiwa kiti cha pili, cheti cha zamani kikiwa bado na wiki chache, kwenye kituo kilicho nyuma ya soko, mwendo wa mtaa mmoja na nusu. Safari hiyo aliihesabu kuwa sehemu ya utunzaji.

Breki zilikuwa safi. Taa zilichomoza vizuri. Kisha mkaguzi akaingiza kipimo kwenye bomba la moshi, na hewa ya sumu ikaonekana kuzidi kiwango mara kadhaa. Akaangalia maili ambazo gari lilitembea tangu mwaka uliotangulia, akatutazama, akauliza gari hili huishi wapi. Huenda, alisema, kile chombo cha ndani ya bomba kinachosafisha moshi kimekufa, na kukibadilisha kungegharimu zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Wengi wakifika hapo huliuza kama chuma chakavu.

Tulirudi nyumbani, mume wangu akalifunika.

“Yeye anamwogesha mama yetu,” aliniambia. “Mimi nishindwe kumlindia gari?”

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini alichokuwa akikifuta kwa kitambaa kila Jumapili. Nilikuwa nimekiona mwaka mzima nikidhani ni vumbi.

Mwenzake wa kituo cha mabasi alimpa habari za fundi mmoja Southall, Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru. Tulikwenda kwanza bila gari, kwa treni, tukiwa na karatasi ya vipimo. Fundi alikuwa mnene, mwenye kilemba cha buluu na Kiswahili cha bara kisichojali ngeli. Alisoma karatasi, akaiweka juu ya rundo la matairi.

“Sasa mzee, hii gari inatembea?”

“Haliendi popote. Nalitia moto kila Jumapili.”

“Dakika ngapi?”

“Kumi hivi. Pale pale nje.”

Fundi alicheka hadi akashika kiuno. “Mzee, wewe unaamsha mtu kila wiki, unamnyima chai, halafu unamwambia lala tena. Yeye atakupenda kweli?”

Alitueleza bila haraka. Kuwasha gari hula umeme mwingi wa betri, na dakika kumi za kunguruma hazitoshi kuurudisha, kwa hiyo kila Jumapili betri ilitoka na njaa zaidi. Injini baridi hunywa petroli nyingi na kuacha masizi kwenye plagi na bomba zima. Na chombo cha kusafisha moshi hakianzi kazi mpaka kipate joto kali, joto ambalo gari letu halikuwa limeliona tangu shemeji aondoke. Pengine kimekufa, pengine kimejaa uchafu tu. Angebadilisha plagi na oili, kisha gari likimbizwe barabara kuu, ndipo tungejua.

“Lete hapa,” alisema. “Lakini uendeshe wewe. Ukileta juu ya lori, mimi siguse.”

Kutoka Walthamstow hadi Southall ni kuikata London upande hadi upande. Huo haukuwa tena utunzaji, ulikuwa matumizi. Kwenye treni ya kurudi mume wangu alipiga hesabu za lori hata hivyo, na za mafundi wengine. Nikamwambia ampigie mwenye gari aombe ruhusa. Akasema ukimwomba mtu ruhusa ya kutumia amana yake umembana, maana ataona haya kukunyima. Tukabishana hadi stesheni ya mwisho. Nyumbani nilikwangua kadi, nikabonyeza namba mwenyewe, nikaweka sauti ya nje, nikampa shemeji habari yote kama ninavyokabidhi mgonjwa.

 Tulisikia kuku wa jirani kule Mombasa.

“Kaka, ina maana hujaliendesha?”

“Si lako?”

“Mwaka mzima?”

“Si uliniachia.”

“Nilikuachia upumzike na mabasi!” Akacheka, kisha sauti ikamlegea. “Mimi nami siku zote nataka kuliuliza, naogopa. Nasema wataona nalidai, na huku mwalitumia.”

Mume wangu alikaa kwenye ngazi. Walikuwa wamelinyamazia gari mwaka mzima, kila mmoja kwa adabu yake.

“Liendeshe, kaka,” shemeji alisema. “Na kila mukitoka nalo, nipigieni munambie mumefika wapi.”

Jumamosi tulikwenda. Betri ilikuwa imelazwa kwenye chaja, na liliwaka mara ya kwanza. Mume wangu aliliendesha kama basi. Aliacha nafasi kubwa mbele, akatazama vioo kila kituo, na mara moja karibu na Wembley alipunguza mwendo alipoona watu wamepanga foleni kando ya njia. Nilimwambia hawa hawapandi, viti vimejaa. Alicheka, na mabega yakamshuka.

Fundi alifanya kazi yake, akatufungia milango mwenyewe. Maagizo yalikuwa kushika barabara kuu ya magharibi, gia ya tatu, bila kuogopa kelele, kwenda hadi karibu na Slough kisha kurudi moja kwa moja kwenye kituo cha ukaguzi kilicho mtaa wa pili kutoka gereji yake, na tusizime injini hata kwa kupumzika. Niligeuka nyuma nikitazama. Kwanza bomba lilitema maji. Halafu ukaja moshi mweusi wa kutia aibu, dereva wa lori akatupigia honi. Kisha ukawa wa kijivu. Baadaye nikaona barabara tu. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na gari lilikuwa likilia kwa sauti ambayo hatukujua linayo.

Kituoni fundi alikuwa ametangulia kututafutia zamu. Mkaguzi aliingiza kipimo huku injini ikiwa moto. Namba ya kwanza kwenye skrini ilikuwa juu ya kiwango. Mume wangu akatazama sakafu, lakini mimi niliitazama namba, maana ndiyo kazi yangu, na niliiona ikishuka, ikasita, ikashuka tena, mpaka ikatulia chini ya mstari.

“Ameamka,” fundi akasema. “Sasa mpeni chai.”

Tulirudi nyumbani tukiwa tumekunja paa, ingawa kulikuwa na baridi. Tangu siku hiyo Jumapili zilibadilika. Tulikwenda msitu wa Epping, tulikwenda Southend kula chipsi kwenye upepo, na zamu ndefu zilipotunyima safari waya wa chaja ulirudi chini ya zulia. Jioni mume wangu hupiga simu akaeleza njia nzima, mzunguko kwa mzunguko. Shemeji naye husema leo mama amefika mlangoni, leo amefika barazani kwa mkongojo wake.

Mwezi wa ukaguzi ulipokaribia tena, ufunguo wetu ulianza kukwama. Mume wangu akamwomba ndugu yake ampe msafiri yeyote ufunguo wa pili aulete. Shemeji akasema tuchongeshe mwingine, huo atakuja nao mwenyewe. Akaulizwa lini. Akasema mama anamwita, akaaga.

Tulichongesha kwa fundi viatu karibu na stesheni, maana hapa ndio wachongao funguo, na mume wangu akaweka miadi ya MOT. Ufunguo wa pili ulikuwa ungali Mombasa, na mwenye gari vilevile.