Mkeka wa Mama

Watu wa mtaa wetu wa Mtendeni walisema mtoto asiyelelewa na mama hatamaliza hata darasa la saba. Nimerudi Tabora na stashahada yangu, na mtaa mzima hakuna nyumba inayoishinda yangu. Lakini juzi pale stesheni nilimwona mtoto amejitwika mkeka, nikakumbuka siku niliyobeba wa mama.

Nilikuwa mdogo; mchana ule mimi, baba na mama tulipanda milima ya Manyovu, karibu na Burundi, kwenda kwao mama. Migomba ilinukia mvua na moshi. Baba alikuwa amenisimulia kwamba babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka Ujiji, basi nikajitwika mkeka wa mama na kutembea kama mpagazi, nikikataa kupokewa. Mama alifuata nyuma.

“Shikamoo, mama,” baba alimwamkia bibi.

“Marahaba. Na mkeka pia?”

“Na mkeka pia.”

Nilidhani bibi ananisifu. Sikujua kwamba mke aliyekwenda kwao kusalimia huuacha mkeka wake nyumbani kwa mumewe. Huja nao aliyerudishwa.

Baba hakukaa. “Twende, lori litatuacha.”

Mama alinifunga vifungo vya shati. “Tangulia, mwanangu.”

Juu ya magunia ya maharage nilivua sweta yangu, nikaitandaza kando yangu.

“Hapa pana mtu?” abiria mmoja aliuliza.

“Pana mama yangu.”

Baba akatazama pembeni. Lori likaondoka, nami nikaikandamiza sweta kwa mikono miwili, upepo usije ukaipeperusha.