Tiketi ya Cherehani

Kosa langu la mapema lilikuwa kuamini kwamba ukishajua neno limetoka wapi, umejua litakalokufanyia. Aliyeumia ni dada yangu.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza kwenye kamusi isiyo na jalada, nikinakili daftarini. Nikikosea herufi moja, nachana ukurasa mzima.

Tuliishi Nyakato, miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vikifunguliwa na hata vizibo vya soda vikawa na zawadi. Parokia yetu nayo ikatangaza bahati nasibu. Zawadi ya kwanza, cherehani. Dada, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa na tiketi moja.

“Wewe mwalimu wa maneno,” aliniuliza akichambua mchele, “hiyo nasibu ndiyo nini?”

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba bahati ilianzia Uajemi ikapitia kwa Waarabu, na nasibu ni ya Waarabu wenyewe, maana yake fungu la mtu.

“Fungu lipi?”

“Alilokwisha kupangiwa, dada.”

Hayo ya kupangiwa hayakuwa kwenye kamusi yangu. Niliyaongeza kwa sababu yalisikika vizuri. Dada aliacha kuchambua, akaitoa tiketi yake na kuisoma upya, nami sikujisahihisha.

Wiki hiyo dada alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu, na Jumatatu alitakiwa kuripoti. Hakwenda.

“Nikasimame kwenye barafu kutwa, na cherehani inakuja?” alisema. Nafasi yake akapewa jirani.

Jumapili, baada ya misa, padri alichomoa tiketi kwenye ndoo. Akashinda mzee mmoja wa Buzuruga.

“Sasa mimi nishone nini, jamani? Hata kifungo sijui!” alisema, na uwanja mzima ukacheka. Dada naye alicheka. Kisha akaikunja tiketi yake mara nne, akaniwekea mfukoni mwa shati.

“Ibandike kwenye daftari,” akasema. “Ndilo fungu langu.”

Alisema taratibu, bila hasira. Angenigombeza ningepumua.

Kiwandani aliporudi kuuliza, hawakuwa wakichukua watu tena. Akaenda kuanika dagaa ufukweni Igombe, akirudi amebabuka mikono kwa jua.

Tiketi ile niliibandika. Siku hizi mtu akiniuliza neno, kwanza namwuliza anataka kufanya nini, ndipo nimweleze. Na nisichokisoma popote, nasema sikijui.