Nilisema Mbwa wa Jirani Yangu ni Fisi

Kosa ni langu, msinitafutie mtetezi. Mdomo huu huu ninaokula nao ugali ndio uliomtoa mama wa watu kwenye chumba chake. Jina langu liacheni. Nyumba ile nimeshaihama, lakini kichefuchefu nimehama nacho.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona lori linapakia wachimbaji wa dhahabu, nikataka kujua linakwenda wapi. Tangu siku hiyo nimezunguka: Bulyanhulu, Geita, maporini nyuma ya Ushirombo. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikikuta mashine nitauliza inafanyaje kazi, nikikuta kaburi nitauliza la nani. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Nilipochoka kulala kwenye maturubai nikapanga Kahama, kwenye nyumba ya ghorofa moja. Vyumba vinne chini, vinne juu, ngazi moja, bomba moja uani. Mimi nilikaa juu, mlango wa kwanza. Mlango wa pili alikaa Mama Shija na mbwa wake watatu.

Mama Shija nilimjua zamani. Alikuwa akitupikia kambini upande wa Bulyanhulu, na nilikula kwake miaka miwili. Kuni zilikuwa shida, akapikia magunzi na mavi ya ng'ombe makavu, moshi unamwingia machoni toka alfajiri mpaka jioni. Macho yake yakawa mekundu na hayakurudi tena. Kama kuna mtu katika nyumba ile aliyejua wekundu ule umetoka wapi, ni mimi.

Sasa hao mbwa. Jamani! Hawakufungwa hata siku moja. Walilala kwenye ngazi, walijikuna kwenye milango yetu, walikojolea viatu. Mkubwa wao aliitwa Nyamaza, na sikuwahi kumwona akinyamaza. Mara mbili nilikanyaga mavi pekupeku nikienda kuoga, yakiwa bado na uvuguvugu, yakapenya katikati ya vidole. Siku nyingine nikafungua mlango nikakutana na kichwa cha mbuzi kilichooza, funza wanatembea kwenye jicho, na Nyamaza amekaa pembeni anatikisa mkia kama mtu aliyeleta zawadi. Nilitapika hapo hapo.

Nikaenda kwa mwenye mbwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umeshakula?"

"Sijaja kula, mama. Nimekuja kwa ajili ya hawa mbwa. Wafunge basi, hata mchana tu."

"Mbwa wangu hawafungwi."

"Mama, ngazi zinanuka!"

"Niambie palipochafuka, nitasafisha. Lakini hawafungwi."

Na kweli alisafisha, kwa majivu na ufagio, magoti yakimlia kila ngazi. Lakini ikifika saa sita pameshachafuka tena.

Mwenye nyumba yuko Mwanza. Nilimpigia, akasema mbwa ni ulinzi, nishukuru. Nikamgeukia jirani yangu wa chini, Baba Neema, dereva wa bodaboda. Akanicheka mbele ya watu: "Wewe si ndiye uliyelala na nyoka maporini? Leo unalizwa na mavi!" Uani pote wakaangua kicheko.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa bombani. Bi Zuhura, muuza vitumbua wa chini, alikuwa anafoka. Mbwa alikuwa ametia mdomo kwenye ndoo yake ya maji ya udhu.

"Ndoo nzima! Sasa niioshe mara saba, na udongo juu! Sala yenyewe inanipita!"

"Mpe na wewe kitumbua, ashibe," Baba Neema akamtania, na watu wakaanza kucheka tena.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona hata yeye wanamcheka, na kwamba kwa mavi peke yake hakuna atakayeinuka. Nikasema, "Chekeni tu. Kuna aliyewahi kuwaona wale mbwa wakila?"

Bi Zuhura akaiweka ndoo chini.

"Huko nilikopita kuna bibi alifuga fisi. Mchana mnawaona mbwa. Usiku anawapanda. Na macho yake yalikuwa hivi hivi, mekundu."

Mnaoishi huku kwetu mnajua maneno hayo yana uzito gani. Fisi, bibi kizee, macho mekundu: ni mchawi huyo! Vikongwe wameuawa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Na mimi nilijua! Nilikuwa nimepita kwenye vijiji vyenye maboma matupu, nikauliza mwenye boma yuko wapi, nikaambiwa. Nilijua, na bado nilisema.

Hakuna aliyecheka. Bi Zuhura alifunika ndoo yake akaondoka bila hata kuijaza. Nami, nisiwafiche, nilijisikia mtu. Wiki nzima watu walinifuata kibarazani: "Hebu ile habari ya bibi." Kila aliyenifuata nilimwongezea chumvi kidogo.

Kisha mtoto wa Baba Neema akashikwa na homa, ikapanda mpaka degedege. Walimkimbiza hospitali. Baba Neema akarudi kwangu macho yamemtoka.

"Rudia ile habari ya fisi."

Ningeweza kumwambia: kaka, nilikuwa natania, mama yule namjua, macho yale ni moshi wa magunzi. Maneno kumi na mawili tu. Nikarudia ile habari ya fisi.

Jumapili mchana wakaja wanaume kumi na kitu na marungu, Baba Neema akiwa nao, wengine siwajui hata kwa sura. Mbwa waliwaua kwenye ngazi zile zile. Sitaki kueleza sana, ila sauti ya rungu kwenye fuvu ni kama ya kitu kilicholowa, na Nyamaza alikufa akijikokota kuja mlangoni kwangu, maana aliponiletea kile kichwa cha mbuzi kumbe aliniona mtu wa nyumbani. Damu ilishuka ngazi moja baada ya nyingine.

Mama Shija alitoka na mwiko mkononi, bado una ugali. Hakupiga kelele. Aliwaangalia mbwa, akawaangalia wale watu, kisha akanigeukia.

"Wewe unanijua. Umekula kwangu miaka miwili. Waambie macho yangu yamekuwaje."

Watu wote wakanitazama. Baba Neema naye alinitazama, mfukoni mwake imo karatasi ya hospitali, na nilikuja kujua baadaye kwamba imeandikwa malaria.

Nikasema, "Mimi ni mpangaji tu. Mambo ya mtu siyajui."

Hilo ndilo nililosema! Mama yule aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea majibu aliyokuwa anayasubiri. Bi Zuhura ndiye aliyejitia kati, Mungu ambariki. Alisimama na khanga yake mbele ya mlango akasema atakayemgusa mama huyu aanze na yeye. Kama si yeye, leo ningekuwa nawasimulia mengine. Walimpa Mama Shija mpaka jioni awe ameondoka. Vyombo vyake vyote viliingia kwenye guta moja la kubebea mizigo, na nafasi ikabaki. Alikwenda kwa kaka yake, nje ya Ushirombo.

Damu niliiosha mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Ngazi zikang'aa. Nilipata nilichokitaka! Na tangu siku ile nilinusa kitu kwenye ngazi zile ambacho sabuni haikuondoa.

Mtoto alipona. Alikunywa dawa, akapona.

Baadaye nilihamia Geita, nikapata kazi kwenye karasha, tunasaga mawe. Pale nikakutana na mchimbaji mzee aliyewahi kuwa kambi moja na Mama Shija baada ya mimi kuondoka. Ndiye aliyenieleza habari za Shija, mtoto wake wa kiume. Mbwa wale walikuwa wa Shija. Siku duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomfukia, walinzi wa kambi walikuwa wamewafunga mbwa kwa sababu ya usumbufu. Watu wakachimba upande mmoja tangu asubuhi. Jioni mtu akawafungulia mbwa, wakakimbilia upande wa pili, wakaanza kufukua. Shija alikuwa pale pale, chini kidogo tu, mwili haujapoa vizuri.

Ndiyo maana hawakufungwa tena!

Mimi ninayeuliza kila kitu, mpaka makaburi, sikuwahi kumuuliza yule mama neno moja: kwa nini?

Nikapanda basi mpaka Ushirombo. Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba ya kaka yake, anapukuchua mahindi. Kaka yake alikuwa ameniambia mlangoni kwamba hatoki, habari zilifika kijijini kabla ya mizigo yake. Nikapiga magoti, nikasema yote, kuanzia bombani.

Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Dirisha langu lilikuwa juu ya bomba. Nilikusikia siku ile ile."

"Sasa mama, kwa nini uliniita mimi nikutetee?"

"Nilikupa nafasi ya kulirudisha neno lako."

Akamimina mahindi kwenye ungo. "Nenda, ng'wanawane. Usije tena, watauliza wewe ni nani kwangu, wakuunganishe na mimi."

Hakuniuliza kama nimekula. Nimezunguka na njaa nyingi maishani, lakini kukosa swali lile kumeniuma kuliko zote.

Sasa nisikilizeni. Vumbi la karasha linaingia machoni kila siku, na macho yangu yameanza kuwa mekundu. Juzi nilipita bombani huku ninakoishi sasa, wanawake waliokuwa wanaongea wakanyamaza mpaka nikapita. Niliingia ndani nikajifungia, nikahesabu ni nani kati yao anayejua kazi yangu ni kusaga mawe. Nilipata mmoja. Na sina hakika kama siku ikifika atasema.

Ndugu yangu, mbwa wa jirani akinya mlangoni kwako, kasirika. Gombana naye, mfuate mwenye nyumba, lia mbele ya watu wakucheke. Lakini yakiwa ni mavi, sema ni mavi. Ishia hapo!