Pole za Mtafiti

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipangwa kumtafsiria mwanafunzi kutoka Ulaya aliyekuja kuuliza wakazi wa mtaa mmoja wa Shinyanga kuhusu nyumba zao. Mama mmoja alijibu maswali mawili, kisha naye akauliza huyu mgeni anaishi na nani kwao.

“Anaishi peke yake,” nikatafsiri.

Mama akaweka ungo chini. “Maskini. Ndugu zake walikufa lini?”

Kabla sijafafanua, alishawaita majirani. Walikaa nasi mkekani kwa huzuni, mmoja akaleta michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa. Mwenzangu alidhani ndiyo desturi ya mahojiano, akashukuru kwa kila pole. Jioni nilipomweleza, alicheka sana, halafu akaomba karatasi amwandikie mama yake barua.