Ngozi ya Butiama, Maji ya Bukima

Shemeji yangu Isidori hajui kuogelea mpaka leo, na hakuna mashua ya tanga hapa Bukima ambayo hajaitia mkono. Mimi Ursula ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina haki ya kumcheka, na nitamcheka.

Alitoka Butiama, kwa watu wa ng'ombe, ambako alikuwa fundi wa nira na vigoda. Alipomwoa dada yangu Dafroza alikubali kuhamia huku ziwani, maana mama alikuwa na sisi wawili tu na kifua kilimsumbua. Mwanamume kuhamia ukweni! Vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, walisema yeye ndiye aliyeolewa. Aliwasikia, akaendelea kuchonga. Baba yetu, mzee Masatu, hakumwita hata jina. Alimwita "mgeni", mwaka wa kwanza na wa pili pia.

Ikaja ile miaka ya themanini ya kupanga foleni ya sabuni. Dizeli hakuna, msumari hakuna. Injini ya baba ikalala, naye akaamua kurudisha tanga kwenye mashua yake ndogo. Mbao zilikuwa nzima, lakini vyuma vya juu vyote vilikuwa vimeliwa na kutu: kapi la kupandishia tanga, pete za kupitishia kamba, vishikio vya kuifungia. Madukani Musoma ungekuta rafu na vumbi lake.

"Nitavichonga, Baba," Isidori akasema.

Baba akamtazama kuanzia miguuni. "Chonga. Ila huku kwetu aliyefunga ndiye anapandaga safari ya kwanza. Na ukinitia aibu majini, mchukue mke wako mrudi kwenu mkachunge."

Hakuwa anatania. Mama alisikia, akaacha kupepeta. Mimi niliogopa, kwa sababu bila Dafroza nyumba ile ingebaki na ukali wa baba na kikohozi cha mama, nami katikati.

Isidori alichonga vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha akavifunga vitu vyake jinsi wanavyofunga kila kitu kwao: ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, unavutwa ungali umelowa, unaachwa juani. Ukikauka, hata meno hayafui dafu.

"Hii tunafungiaga mpaka nira," alijisifu, "na haijawahi kuachia."

Watu walikuja kugonga vishikio kwa ngumi, wakakubali. Kumbe kule Butiama jua ndilo linalofunga kazi, na huku tuna maji. Siku ya safari yeye na baba hawakufika mbali. Mawimbi yalirusha maji ndani, ngozi ikalainika kama ukoko uliolowekwa, kishikio kikaponyoka, na tanga zima likamwangukia baba kichwani. Walirudi kwa kasia, wakapokewa na mbwa wote wa mwaloni waliovutwa na harufu ya ngozi. Nilicheka mpaka nilipouona uso wa baba.

"Mgeni," akasema tu, akapita.

Asubuhi Isidori alikuwa anafunga mzigo wa dada, tena kwa ukanda ule ule wa ngozi, macho mekundu. Sikuweza kumtania. Dafroza hakumsaidia. Jembe lake lilikuwa limelegea mpini, akalitumbukiza kwenye beseni la maji mti uvimbe, kama alivyofanya siku zote kabla ya kwenda shamba.

"Tuhame tusihame," akasema, "mihogo ina magugu."

Isidori akaacha kufunga. Baadaye kidogo alilitoa lile jembe, akalitikisa. Halikucheza.

"Hata kwetu tunafanyaga hivi," akasema taratibu, kwa uchungu wa mtu aliyetafuta ng'ombe porini kutwa nzima naye yuko zizini.

Akaenda kwa baba kuomba nafasi nyingine. Baba hakujibu, na kwa baba kutojibu ni ruhusa. Isidori akachonga vijiti vya mti mgumu, akavikausha juu ya meko ya mama mpaka vikawa vyepesi. Akatoboa vishikio na mbao kwa chuma cha moto, akavipigilia vijiti vikiwa vikavu kabisa. Hakujisifu tena.

Safari ya pili nilipanda na magunia yangu ya dagaa ya kuuza Kisorya. Mzigo wa dada tuliuacha mlangoni, umefungwa. Upepo ulikuja, maji yakaingia, na kila kijiti kilicholowa kikazidi kukaza. Baba alikivuta kishikio kwa mikono miwili, akakipiga teke. Hakikusogea.

Wakati wa kurudi alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya majini. Alinipa usukani, akampa Isidori kamba ya tanga, akashusha kofia usoni, akalala.

"Shemeji," Isidori akaninong'oneza, "mzee amelala kweli?"

"Anakoroma, humsikii?"

Akalia, mtu mzima, kamba mkononi. Nami nikalia, na sioni aibu kusema.

Tulipofika baba akaamka, akajinyoosha. "Isidori," akasema, "mwambie mkeo afungue mzigo."

Haukufunguka. Ngozi ilikuwa imekauka, imekuwa chuma. Tulivuta kwa zamu, dada akajaribu na meno. Mama, ambaye siku zote hizo hakucheka, akaangua kicheko, akaleta mtungi na kuumwagia ule mzigo maji. Jioni ile Dafroza alitupikia akiwa amevaa kanga mbichi.